Wabudha wanadai akili ya kawaida inafunzika mpaka ikageuka. Kuna aliyejaribu?

#1 Mto Ruvu

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikisoma mafundisho ya Buddha, si kwa nia ya kubadili dini, bali kwa sababu ya dai moja lililonikaa kichwani. Wanasema hii akili tuliyonayo, inayowaka haraka, inayotamani cha mwenzake, inayorudia ugomvi wa juzi usiku kucha, si kitu cha kuzaliwa nacho ukafa nacho. Ni mazoea, na mazoea yana njia ya kuyatoa. Wala hawasemi kupunguza. Wanasema ukiifuata njia hadi mwisho, uroho, chuki na ujinga vinang'oka na mizizi yake.

Dai hilo ni kubwa. Sehemu nyingi mtu anaambiwa ajizuie. Hawa wanasema utafika mahali ambapo cha kuzuia hakipo tena.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba mmoja wa walimu wao wakubwa wa karne iliyopita alikuwa mtu wa ofisi. U Ba Khin alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma. Alishika cheo hicho tarehe 4 Januari 1948, siku ileile nchi yao ilipopata uhuru, na aliwafundisha watumishi wake kutafakari humohumo ofisini. Mimi pia kazi yangu ni vitabu vya hesabu, najua mwisho wa mwezi akili za watu zinavyokuwa.

Kuna yeyote humu aliyejaribu? Na kinachobadilika ni nini hasa?

#2 Chapati Mbili

Nimetandika mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Kijiti

Mkuu, mtu aliyekaa kimya chumbani hakasiriki kwa sababu hakuna wa kumkasirisha. Mtoe huko, mpeleke Ubungo saa kumi na moja jioni, foleni imekaza na mvua inanyesha. Hapo ndipo tutajua amebadilika au alikuwa amepumzika.

#4 Mwalimu wa Kaloleni

Mimi nimepitia. Nilimsindikiza baba Uhindi kwa matibabu, na alipopata nafuu akakaa kwa jamaa zetu, nami nikaingia kozi ya siku kumi ya vipassana, tafakuri ya Kibudha, ule mtindo wa mwalimu S. N. Goenka. Acha nieleze ilivyo, maana wengi wanadhani ni mapumziko ya ufukweni.

Kengele inalia saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu mko ukumbini. Simu wamechukua, kitabu hakuna, kalamu hakuna, kuzungumza na mwenzio hakuna. Ukijumlisha vikao vyote ni kama saa kumi za kukaa kwa siku, na taa zinazimwa saa tatu na nusu usiku. Jioni mgeni anapata chai na matunda. Aliyewahi kuhitimu hali kitu tena baada ya saa sita mchana. Ada hakuna, na mchango wako hawaupokei mpaka uwe umemaliza kozi.

Siku tatu za mwanzo kazi ni moja tu: kuhisi pumzi inavyoingia na kutoka puani, na mguso wake pale juu ya mdomo. Kuanzia siku ya nne unaipitisha akili mwili mzima, utosini hadi nyayoni, unahisi kilichopo: joto, mwasho, ganzi, maumivu. Halafu kuna vikao vya saa nzima ambavyo unaazimia kutofumbua macho, mkono usisogee, mguu usisogee.

Sasa nimjibu Kijiti. Unasema hakuna wa kukukasirisha. Mama aliyekaa kushoto kwangu alikuwa anameza mate kwa sauti. Ndani ya ukimya ule, mtu kumeza mate kunaweza kukufanya umchukie utadhani amekudhulumu shamba. Nilimchukia mwanamke ambaye hata jina lake silijui. Kikao kimoja goti linaniwaka, inzi katua kwenye kope, na yeye anameza. Nikahisi kifua kinabana na joto linapanda shingoni, kabla ya wazo lolote la "huyu mama vipi". Joto ndilo lililotangulia. Maneno ya hasira yalikuja nyuma yake. Nikaliangalia lile joto bila kufanya chochote. Likapanda, likasimama, likashuka. Na yale maneno yakakosa pa kushikia.

Hicho ndicho nilichoondoka nacho. Kukasirika nakasirika. Lakini ni kama maziwa jikoni: ukiwa umesimama pale unayaona yanavyoanza kupanda, unapunguza moto. Ukienda sebuleni utaletewa habari na harufu.

#5 Chapati Mbili

Mwalimu, shikamoo. Yaani wakosaji wote wa dunia, wewe ukamalizana na mmeza mate! Huyo mtawa Goenka bado anafundisha?

#6 Msomi wa Usiku

Chapati, Goenka hakuwa mtawa. Alikuwa mfanyabiashara, mtu mwenye mke na watoto, wa ukoo wa Kihindi, aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924. Alimwendea huyohuyo U Ba Khin wa mleta mada mwaka 1955 kwa sababu ya kipandauso kikali kilichofikia kutulizwa kwa mofini. U Ba Khin hakumpokea kwa mikono miwili: alimwambia kama shida yake ni kichwa tu, atafute daktari. Alikubali pale nia ilipokuwa kufunza akili, kichwa kipone kisipone. Goenka alifariki mwaka 2013, na kozi zinaendeshwa mpaka leo kwa sauti yake iliyorekodiwa.

Alichoeleza Mwalimu ndicho kiini cha fundisho hilo. Kitu kinagusa hisi, mwili unapata hisia ya raha au karaha, na hapo hapo tamaa au chuki inazaliwa. Tumezoea kupigana na kile kitu cha nje. Wao wanasema mlango uko kati ya hisia na tamaa, na ni pale tu akili ya kawaida inapoweza kuacha kujirudia.

Ila si Wabudha wote wanaokubali hivyo. Nitarudi.

#7 Njia Panda Entebbe

Poleni na kazi, ndugu zangu. Mwalimu kaeleza vizuri lakini kaanzia katikati. Kabla hujakalia huo mto siku ya kwanza, unakubali maagizo matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Hiyo ndiyo nguzo ya kwanza. Kutafakari kunakuja baadaye.

Kwetu Uganda kuna kituo cha Wabudha hapa Entebbe, kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita. Ni Mganda kabisa. Alikwenda Uhindi mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana na watawa wa Kithai, na mwaka 2002 akapewa utawa Marekani. Mama yake mzazi naye baadaye akawa mtawa. Watu wakienda pale huwa wanataka waonyeshwe namna ya kutuliza mawazo upesi, kama dawa ya kichwa. Nami naona huko ni kuruka hatua. Mtu aliyedanganya wateja mchana kutwa, usiku akifumba macho anakutana na nini? Anakutana na hesabu ya alichomwambia nani. Akili haitulii kwa sababu ina kazi ya kuficha. Aache uongo mwezi mmoja, hata pumzi asiiguse, aone.

Kwa hiyo, mleta mada, jibu langu: kinachobadilika kwanza ni mwenendo. Akili inafuata.

#8 Mto Ruvu

Shukrani, Mwalimu na ndugu wa Entebbe. Hiyo ya uongo imenigusa, maana kwenye hesabu ukishapotosha tarakimu moja unalazimika kupotosha nyingine kumi kuilinda, na unalala nazo.

Lakini hapo pana mvutano. Mwalimu anasema mabadiliko yalianzia kwenye hisia za mwili. Njia Panda anasema kwenye mwenendo. Kipi kinabeba kingine?

#9 Kijiti

Kabla hamjafika mbali, nijibuni hili. Myanmar, hiyohiyo Burma ya mleta mada, ni nchi ya Wabudha kwa karne nyingi, na watawa wamejaa. Mwaka 2017 zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu wa huko, walikimbilia Bangladesh, vijiji vyao vinaungua. Kabla ya hapo mtawa Wirathu wa Mandalay alizunguka akihubiri chuki dhidi ya Waislamu, kanzu ya rangi ya zafarani mwilini. Mandalay, mji uleule alikozaliwa Goenka wenu. Kama mazoezi haya yanang'oa chuki na mizizi, hiyo mizizi ya Wirathu ilibaki vipi?

Nauliza kwa dhati. Sitaki kuambiwa "huyo si Mbudha wa kweli". Kila dini inalo jibu hilo mfukoni.

#10 Bint Shangani

Kijiti, mimi Muislamu na suala la Warohingya liliniliza. Sitamtetea mtu hapo. Lakini ngoja niseme nilichokiona kwa macho.

Nafanya kazi Muscat, na kwenye nyumba ya wafanyakazi nilipangiwa chumba kimoja na dada wa Sri Lanka. Juu ya kabati lake ana sanamu ndogo ya Buddha, taa ya mafuta na glasi ya maji. Kila asubuhi anamwaga maji ya jana, anaosha glasi, anajaza mengine. Kisha anakaa kitandani miguu ameikunja, ananong'ona. Siku moja nikamuuliza anasoma nini. Akaniambia anawatakia watu heri. Anaanza na nafsi yake: niwe salama, nisiwe na chuki. Halafu mama yake. Halafu mtu asiye rafiki wala adui. Akasema mara nyingi anamweka muuza maji wa mtaa wetu. Halafu anamweka mtu anayemchukia.

Nikamuuliza nani. Akamtaja msimamizi wetu. Huyo msimamizi alikuwa amemkata siku za mshahara kwa kosa lisilokuwa lake, na mimi nilikuwa shahidi. Nikamwambia, yaani unamuombea? Akasema yeye haombi kwa mtu yeyote, anaizoeza akili yake isiharibike kwa ajili ya yule bwana. Na bado alikwenda ofisini kudai siku zake, kwa sauti ya kawaida, mpaka akalipwa.

Hapo ndipo niliposhika. Nilidhani mtu akiacha chuki atakuwa laini, atadhulumiwa. Mimi niliyekuwa na hasira kwa niaba yake sikufungua mdomo. Yeye asiye na hasira ndiye aliyedai.

#11 Mwalimu wa Kaloleni

Bint Shangani, hongera kwa kuandika hilo. Hayo matakwa ya heri ndiyo metta, nasi tulifundishwa siku ya mwisho ya kozi, ukimya ulipoondolewa.

Kijiti, kuhusu Wirathu: kuvaa kanzu na kukaa kutafakari ni mambo mawili. Watawa wengi kazi yao ni kusoma maandiko, kufundisha watoto, kuendesha mazishi.

#12 Kijiti

Mwalimu, hilo ndilo jibu la mfukoni nililolikataa.

#13 Msomi wa Usiku

Nimerudi, na nianze na Kijiti, maana swali lake Wabudha wenyewe wamelihangaikia tangu zamani.

Watibeti wana mapokeo wanayoyaita lojong, mafunzo ya akili. Chimbuko lake ni Atisha, mwanachuoni wa Bengal aliyezaliwa 982. Alikuwa ameshasoma vya kutosha Uhindi, lakini alipanda chombo akaenda hadi Sumatra, akakaa kwa mwalimu wake Serlingpa miaka kama 12, kwa ajili ya fundisho moja tu: namna ya kuacha kujipendelea. Mwaka 1042 alifika Tibeti. Inasimuliwa kwamba aliambiwa Watibeti ni watu wapole mno, basi akamchukua mtumishi wake wa Kibengali, mkali na mjuvi, ili asikose wa kumfunza subira.

Kwao kukaa kimya hakutoshi, kwa sababu unaweza kuwa mtulivu sana na bado ukajiona wewe ndiye kitovu cha dunia. Mazoezi yao yanakwenda kinyume na mwili unavyotaka. Ukivuta pumzi, unawazia unayachukua mateso ya mwenzako. Ukitoa, unampa heri yako. Lawama zote unazielekeza kwa ule ubinafsi wako, badala ya jirani. Mwingine wa wakati huo, Geshe Ben, alikuwa mnyang'anyi kabla ya utawa. Inasimuliwa siku moja, nyumbani kwa wafadhili wake, wenye nyumba wametoka, mkono wake ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa majani ya chai. Akaukamata mkono huo kwa mkono wa pili, akapiga kelele: "Mwizi! Njooni, nimemkamata mwizi!"

Kwa hiyo Watibeti wangemjibu Kijiti hivi: Wirathu hakufunzwa pale panapouma. Utulivu anaweza kuwa nao. Ule mpaka wa "sisi" na "wao" haukuguswa.

#14 Chapati Mbili

Huyo Geshe Ben angefaa sana kwenye kamati yetu ya harusi, upande wa hazina.

Msomi, Dalai Lama si ndiye mkuu wa Wabudha wote? Mbona hakumkemea mapema?

#15 Njia Panda Entebbe

Si mkuu wa wote. Ni wa Watibeti. Watawa wa Burma, Sri Lanka na Thailand hawako chini yake, wala wa Japani. Hakuna papa kwenye Ubudha.

Na Msomi, sikubaliani. Wirathu hakuhitaji fundisho la Tibeti. Agizo la nne tu, la ulimi, lingemtosha kama angelishika.

#16 Nahodha Mstaafu

Wanangu, amani iwe kwenu. Nimesoma toka juu mpaka hapa.

Haya mnayoyazungumza si mageni kwa watu wa pwani. Sisi tumesomeshwa nafsi kwa daraja zake: ipo inayoamrisha maovu, imetajwa katika Sura Yusuf, ipo inayojilaumu, katika Sura Al-Qiyama, ipo iliyotua, katika Sura Al-Fajr. Masheikh wa twarika walikuwa na nyuradi zao, na wapo waliokuwa wakijitenga siku kadhaa kwa dhikri, pumzi na jina la Mola vikienda pamoja. Mzee wangu alikuwa katika watu hao. Alipotoka huko alikuwa mpole siku nyingi, na mama yetu ndiye aliyekuwa shahidi.

Tofauti naiona hapa. Sisi hatusemi mja anaigeuza nafsi yake kwa nguvu zake. Anajitahidi, na mgeuzaji wa nyoyo ni Mwenyezi Mungu. Hawa Wabudha nani anawageuza? Akili inawezaje kuisafisha akili, na yenyewe ndiyo chafu?

#17 Magari ya Yokohama

Nahodha, shikamoo mzee wangu. Swali lako lilimshinda mtawa mmoja wa Japani, na jibu lake limekuwa dhehebu kubwa.

Mimi niko Japani kwenye biashara ya magari yaliyotumika, haya yanayoshuka bandari ya Dar na Mombasa. Mwenye nyumba wangu ni wa Jodo Shinshu, na ndiye aliyenieleza habari za Shinran, aliyezaliwa 1173. Shinran aliingia utawa akiwa na miaka 9, akafanya mazoezi Mlima Hiei miaka 20. Kutafakari, kukesha, kusoma, kila kitu. Alipotoka hakusema amebadilika. Alisema kinyume: kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyoona wema wake wenyewe umechanganyika na majivuno. Akamwendea mwalimu Honen, na mwaka 1207 utawala ukawahamisha kila mmoja upande wake. Shinran akaoa, akazaa watoto, akawa anasema yeye si mtawa wala si raia wa kawaida.

Fundisho lake ni hilo la mzee: akili ya mtu wa kawaida haiwezi kujigeuza. Kinachowezekana ni kuitegemea nadhiri ya Buddha Amida ya kuwaokoa wote, na kulitaja jina lake kwa shukrani. Mwenye nyumba wangu hakai kutafakari hata dakika moja. Analitaja jina akiwa anamwagilia maua.

#18 Kijiti

Sasa mmeniletea Wabudha wanaosema mazoezi hayafanyi kazi. Uzi umenoga.

#19 Daktari wa Zamu

Poleni, nilikuwa wodini. Nitaweka yale yaliyopimwa.

Kwanza tatizo lenyewe lipo. Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert walitumia programu ya simu kuwauliza watu 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili ilikuwa haipo kwenye kazi iliyo mbele yao. Na walikuwa na furaha ndogo zaidi akili inapozurura.

Pili, mwaka 2004 huko Wisconsin walipima mawimbi ya ubongo ya Wabudha 8 wenye saa 10,000 hadi 50,000 za mazoezi. Walipojenga hali ya huruma, mawimbi ya aina ya gama yalikuwa makubwa kwa namna isiyo ya kawaida kulinganisha na wanafunzi waliofunzwa wiki moja. Habari hii ilipendwa sana. Lakini ni watu 8, na mtu anayekubali kukaa saa 50,000 huenda alikuwa tofauti tangu awali.

Tatu, mwaka 2014 yalikusanywa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ushahidi ulikuwa wa wastani kwamba mafunzo ya tafakuri hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Haukuonyesha kwamba yanashinda dawa au mazoezi ya viungo. Na mwaka 2022 utafiti uliounganisha majaribio mawili ulitafuta mabadiliko ya umbo la ubongo kwa watu waliomaliza kozi ya tafakuri ya wiki nane aliyoianzisha Mmarekani Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Haukuyaona.

Kwa hiyo msaada upo, tena wa kweli. Ule ung'oaji wa mizizi aliouandika mleta mada bado haujapimwa na mtu.

Na hili nasema kama tabibu: kuna watu ambao ukimya mrefu unawafumulia vidonda vya zamani, wanapata hofu kali, wengine wanakosa usingizi siku nyingi. Aliyewahi kuugua maradhi makubwa ya akili asiingie kozi ya siku kumi bila kuzungumza na anayemtibu, na asiache dawa zake hata siku moja.

#20 Chapati Mbili

Saa 50,000! Dokta, mimi nina dakika tano kabla watoto hawajaamka. Nitamaliza nikiwa kaburini.

#21 Mwalimu wa Kaloleni

Chapati, dakika tano nazo ni dakika. Kuna kisa cha Chulapanthaka, mtawa wa zama za Buddha aliyeshindwa kukariri ubeti mmoja kwa miezi minne. Kaka yake, mtawa pia, akamfukuza. Buddha akamkuta analia, akampa kitambaa cheupe, akamwambia akae juani akifikiche na kurudia neno moja la kuondoa vumbi. Jasho na mafuta ya mikono yakakichafua. Akaona safi hakidumu safi, na kwa kuona hivyo tu akavuka walikoshindwa wenye kukariri.

Dokta, nakubali tahadhari yako kabisa. Mwanamke mmoja kwenye kozi yetu aliondoka kabla ya wakati, na nadhani alifanya vema.

Na kwa wanaosema haya ni ya watu wenye nafasi: mwaka 1994 gereza la Tihar, Delhi, Kiran Bedi akiwa mkuu wa magereza, Goenka aliongoza kozi ya wafungwa zaidi ya 1,000 kwa mpigo.

#22 Kijiti

Mfungwa ana kila sababu ya kumwonyesha askari jela kwamba amebadilika.

#23 Mwalimu wa Kaloleni

Ana sababu ya kusema amebadilika. Kukaa saa kumi kwa siku bila kuongea si njia rahisi ya kumfurahisha askari, ndugu yangu.

#24 Msomi wa Usiku

Nahodha kauliza akili inawezaje kuisafisha akili. Magari kaleta jibu la Shinran. Kuna la tatu, na mimi ndilo linaloninyima usingizi.

Wachina wa karne ya nane walikuwa na kijana aliyekuwa akikaa kutafakari kutwa, Mazu Daoyi, baadaye mwalimu mkubwa. Mwalimu wake Nanyue akaja akaketi karibu yake, akaanza kusugua kigae juu ya jiwe. Mazu akamuuliza anafanya nini. Akasema anatengeneza kioo. Kigae kitakuwaje kioo kwa kusuguliwa? Nanyue akamrudishia: na wewe utakuwaje Buddha kwa kukaa?

Mwanafunzi wa Mazu, Nanquan, aliulizwa njia ni ipi. Akajibu: akili ya kawaida ndiyo njia. Akaulizwa, basi niielekee? Akasema ukijaribu kuielekea unakwenda mbali nayo.

Kwa hawa, mleta mada, swali lako limejengwa juu ya kosa. Unadhani kuna akili mbovu ya leo na akili njema ya kesho. Wao wanasema yule anayekaa ili apate akili ya kesho tayari ni ile tamaa ileile, imebadili nguo tu. Hata hivyo angalieni nyumba zao za utawa: ratiba kali, kengele alfajiri, kufagia, kupika, kukaa. Hawakuacha mazoezi. Waliacha kuyafanya kwa ajili ya kitu.

#25 Njia Panda Entebbe

Msomi, hapo ndipo watu wanapopotelea. Mlevi akisikia "akili ya kawaida ndiyo njia" ataagiza nyingine.

#26 Mto Ruvu

Nimeusoma uzi wote mara mbili. Shukrani kwa kila mmoja.

Jaribio la Kijiti ndilo lililonikaa: Ubungo, saa kumi na moja. Na Nahodha kalitaja bila kulikazia: mama yao alikuwa shahidi. Mimi naona mtu hawezi kujipima mwenyewe kwa jambo hili. Anayekujua jikoni ndiye anayejua. Dokta, je, kwenye hizo tafiti wanawauliza wake na waume, au mshiriki anajijazia fomu mwenyewe?

#27 Daktari wa Zamu

Sehemu kubwa anajijazia mwenyewe. Swali lako ndiyo moja ya lawama kubwa kwa tafiti hizi, na ni halali.

#28 Nahodha Mstaafu

Mwanangu Mto Ruvu, hata shahidi wa jikoni huchoka. Mama alikuwa akisema upole wa mzee unakaa mpaka soko la nazi lianguke. Akirudi kwenye dhikri, upole unarudi. Kwa hiyo sijui tuite kubadilika au tuite kutunza.

#29 Magari ya Yokohama

Mwenye nyumba wangu angesema hapo hapo: ndiyo maana usitegemee nguvu zako.

#30 Mwalimu wa Kaloleni

Na Goenka angesema hapo hapo: ndiyo maana mwanafunzi anaambiwa akae saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, kozi ikiisha. Waliohitimu wengi hawaendelei. Mimi nimebaki na ya asubuhi.

#31 Kijiti

Bint Shangani, nina swali moja kwako, maana ushahidi wako ndio pekee humu uliosimama. Huyo dada wa Sri Lanka alikuwa hivyo tangu utoto au alibadilika? Kuna watu wanazaliwa watulivu. Kama alizaliwa hivyo, glasi ya maji na taa ni desturi ya kwao tu, haithibitishi kitu.

#32 Bint Shangani

Nilishamuuliza, Kijiti. Alinionyesha kovu kwenye kiwiko cha dada yake pichani. Alimrushia sufuria wakigombania blauzi. Anasema alikuwa moto wa nyumba, na bibi yake ndiye aliyemkalisha na kuanza kumfundisha, kwanza kwa kumlazimisha. Lakini mama yake, tukizungumza naye kwa simu, anasema binti yake alikuwa mwema tangu alipozaliwa. Mama ni mama. Huyo dada mwenye kovu anakuja Muscat kufanya kazi, viza imeshatoka. Nitamuuliza yeye.

#33 Daktari wa Zamu

Muulize na alianza kutulia lini, kabla ya kuondoka kwao au baada. Kuondoka nyumbani kwenyewe kunamgeuza mtu.